Kichwa cha sigari: mkato gani unafaa, na unatuhusu namna gani



Kwenye arusi kubwa za siku hizi, iwe Lubumbashi, Bukavu ao Goma, si ajabu kuona sanduku la sigari likipita mezani nyuma ya chakula. Tunasema sigari, ile nene ya majani matupu, si sigara ya karatasi inayouzwa kila duka. Kijana anakamata moja, anaigeuza, anatafuta upande wa mdomo, halafu anaikata popote na kisu cha keki. Nyuma ya dakika tano nguo yote ya sigari imefunguka mkononi mwake kama bandeji ya mgonjwa. Wenzake wanacheka. Muzee aliyeketi pembeni, ambaye alijua kukata tumbako tangu utoto, anatikisa kichwa na kunyamaza, maana anafikiri hayo ni mambo ya Wazungu, hayamuhusu.

Ni huyo muzee tunayemwandikia kwanza. Tunaona yanamuhusu sana, na kwamba akitazama vizuri ginsi sigari ilivyofungwa, atajua mwenyewe fasi ya kukata bila kufundishwa na mutu. Lakini kwa kufika pale inatupasa kuzunguka kidogo: soko la Nyangwe, Kasai, ngambo ya bahari, kisha Fizi.

Tumbako si mumea wa kwetu. Ilizaliwa Amerika, na watu wa kule waliitumia miaka mingi sana mbele Mzungu yeyote hajafika. Mwezi wa novemba 1492, watu wawili wa merikebu za Kristofa Kolombo, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, walitumwa kutembelea ndani ya kisiwa cha Kuba. Waliona wenyeji wakishika majani makavu yaliyofungwa ndani ya jani lingine, upande mumoja unawaka moto, upande wa pili uko mdomoni. Ile ndiyo nyanya ya sigari zote. Wareno na wafanya biashara wengine walileta mbegu ku pwani za Afrika, na toka pwani tumbako iliingia ndani kwa miguu ya watu wetu wenyewe, toka soko mpaka soko, muda mrefu mbele ya Wazungu kufika katika inchi hizo.

Majina yake yanaonyesha ile njia. Tumbako yetu ya Kiswahili imetoka katika Kireno. Wabemba wanasema fwaka. Katika Lingala ni makaya, neno ambalo kwa Wakongo ni majani tu. Na tunapenda kukumbusha kwamba sisi watu wa mashariki tunasema kunywa tumbako, hatusemi tu kuvuta. Wengine wanatucheka kwa neno hili, eti Kiswahili kibaya. Wajue kwamba Waingereza wa karne ya 17 walisema vilevile, walikuwa wanakunywa tumbako kama sisi.

Katika Kasai, Wabushongo, ambao wengine wanawaita Wakuba (jina limefanana tu na lile la kisiwa, hakuna undugu), wanaweka kufika kwa tumbako katika siku za mfalme wao mkubwa Shyaam aMbul aNgoong, karne ya 17. Masimulizi yao yanasema alitembea katika inchi za mangaribi na kurudi na vitu vipya: mihogo, mahindi, tumbako, na ufundi wa kila namna. Wenye elimu ya historia wanajua kwamba masimulizi ya namna ile yanapenda kumbebesha mfalme mumoja kazi ya watu wengi. Hata hivyo viko vya Wabushongo, vya mbao iliyochongwa vichwa na mapambo, viko leo katika makumbusho ya Ulaya, Tervuren na kwingine, na vinaonyesha kwamba kitu kilichotoka ngambo ya bahari kilipata haraka kiti chake katika nyumba ya wakubwa.

Mashariki tuna ushuhuda wa namna nyingine. Stanley alipofika Nyangwe, Maniema, mwaka 1876, aliandika orodha ya vitu vilivyouzwa katika soko lile kando ya Lualaba. Ni orodha ndefu: viazi, ndizi, samaki wabichi na wakavu, mafuta ya ngazi, kumbikumbi, panzi, nyavu, majembe, mikeka, pembe za ndovu, na, tusifiche, watumwa. Katikati ya hayo yote kuna majani makavu ya tumbako, na viko pembeni yake. Mchuuzi wa majani na mchuuzi wa viko walikuwa soko moja. Kwa hiyo mutu asituambie kwamba tumbako tuliijua kwa Wabeleji.

Sasa, ile tumbako ilikatwa namna gani? Hapa muzee wetu wa arusini anaweza kusimama na kusema. Majani yalivunwa, yakalegezwa kivulini ao chini ya paa, yakafunikwa ili yapate jasho na kugeuza rangi. Nyuma ya hapo njia ziliachana. Kuna waliosokota majani kama kamba na kuikunja kamba mviringo sawa nyoka aliyelala. Kuna waliotwanga na kubonyeza mpaka ikawa mkate mugumu. Kamba ilikatwa kipande kwa kipande kwa kisu kidogo. Mkate ulikwanguliwa ao kumegwa. Wengine walisaga ugoro: Wachokwe na Waluluwa walichonga vinu vidogo vya ugoro vizuri ajabu, vyenye sura ya mutu aliyechutama, na leo watu wa ngambo wanavinunua kwa bei kali kuliko nyumba. Katika pori la Ituri, Wambuti walitoboa mti wa katikati wa jani la ndizi, wakapata kiko kirefu kupita mkono wa mutu, na kiko kile kilipita toka mdomo mpaka mdomo.

Tazameni jambo moja katika ile yote. Kwetu, kisu kinakata tumbako mbele haijakutana na moto wala mdomo. Tunakata mwili. Mwenye kamba ya tumbako anaamua: hiki kipande changu, hiki chako, hiki cha mugeni. Kwa hiyo kukata kulikuwa ni kupima, tena kulikuwa ni kugawa, na mutu alijulikana ni mwema ao mchoyo kwa urefu wa kipande alichokata. Katika jamaa nyingi muzee ndiye aliyeshika kisu. Kijana hakunyosha mkono kujikatia. Sigari iko tofauti: fundi amekwisha kupima na kugawa kule mbali, amekwisha hata kufunga kichwa. Kilichobaki kwa mwenye kunywa ni kufungua mlango. Ndiyo maana mazoea yetu ya kisu yanatudanganya tunapoishika mara ya kwanza. Tunaikata kama kamba.

Ni nani aliyefunga ule mlango? Turudi Kuba, kisiwa. Na kule kuna watu wetu. Toka kinywa cha muto Kongo, toka Loango na Cabinda, merikebu zilibeba watumwa maelfu na maelfu kwenda Kuba, mpaka miaka ya 1860. Utumwa wenyewe ulimalizika kule mwaka 1886 tu. Wengi walipelekwa kukata miwa, wengine walitumikishwa katika mashamba ya tumbako ya upande wa mangaribi, Pinar del Río, fasi inayotoa majani yanayosifiwa kuliko yote. Waliitwa Wakongo, na jina halikufutika. Mpaka leo kuna dini kule inayoitwa Palo Monte, na tawi lake moja linaitwa Mayombe, sawasawa na pori letu la Kongo ya Chini. Katika ibada yao kuna chombo kitakatifu kinachoitwa nganga, na wanakipulizia moshi wa sigari. Hapo jani la Amerika na neno la Kikongo vimekaa chungu kimoja. Kwa hiyo kusema sigari ni kitu cha Wazungu peke yao ni kuwasahau ndugu zetu.

Katika viwanda vya Havana, fundi anakaa mbele ya ubao wake na kisu kimoja kisicho na mpini, chuma bapa chenye ukingo wa mviringo sawa mwezi mchanga. Wanakiita chaveta. Hakuna mashine. Anakusanya majani ya ndani mkononi, anayakunja ili hewa ipate njia ya kupita toka upande mpaka upande, kisha anayafunga kwa jani moja gumu, kisha anavalisha jani la mwisho, laini, zuri, lisilo na tundu. Wahispania wameita sehemu hizi kwa majina ya mutu: majani ya ndani ni matumbo, jani la kufunga ni koti, jani la nje ni joho. Kuna mguu, upande wa moto. Kuna kichwa, upande wa mdomo. Na juu ya kichwa kuna kofia.

Ile kofia ndiyo habari yetu yote. Joho linazungushwa toka mguuni kwenda kichwani kama kitambaa kinavyozungushwa kwenye kidonda, na likifika juu lazima lishikwe na kitu, ama sivyo litafunguka. Fundi anakata kiduara kidogo cha jani, anakipaka gundi ya mimea, anakibandika juu. Katika mtindo wa Kuba anaweka kiduara juu ya kiduara, hata mara tatu, na ukitazama kwa karibu utaona mistari myembamba ikizunguka kichwa. Pale kichwa kinapoacha mviringo na kuanza kunyooka, tuseme pale begani, kofia inamalizika. Juu ya ule mstari, joho limeshikwa. Chini yake, hakuna kinacholishika zaidi ya mkunjo wake mwenyewe.

Muzee wetu amekwisha kuelewa. Ukikata juu ya bega, unafungua mlango na fundo linabaki. Ukikata chini ya bega, umekata fundo, na joho linaanguka. Yote mengine yanayosemwa juu ya kukata sigari ni matawi ya mti huu mumoja.

Tuongeze habari moja juu ya mafundi hao, juu inatupendeza. Tangu mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro cha Havana, wafanyakazi walianza kumlipa mutu wa kuwasomea kwa sauti wakati mikono yao inakunja majani. Gazeti asubuhi, hadithi mchana. Sigari maarufu ya Montecristo imepata jina lake katika hadithi ya Alexandre Dumas iliyopendwa sana na wasikilizaji hao. Wakubwa walikataza kusoma kule mara kadhaa, waliogopa siasa, na hawakukosea: mafundi wa sigari walikuwa kati ya watu wa kwanza kutoa pesa kwa José Martí alipotayarisha vita vya uhuru vya 1895.

Kule Ulaya sigari ilienea nyuma ya vita vya Hispania vya 1808 mpaka 1814, maana askari wa Ufaransa na wa Uingereza waliionja kule, wakarudi nayo makwao. Mwanzoni waliuma kichwa na kutema, ao walitumia kisu cha mfukoni. Kisha matajiri wa karne ya 19 walitaka chombo cha kila jambo, na vyombo vikazaliwa: mikasi mifupi yenye midomo ya mviringo, kisu kidogo kinachopita ndani ya tundu, ambacho Wafaransa walikiita kwa jina la ile mashine yao ya kukata vichwa vya watu, kikatio cha kabari, kitoboleo. Katika maduka ya tumbako kiliwekwa kikatio kikubwa mezani, mnunuzi akate hapohapo. Na vile vipande vidogo vilivyobaki? Kule Ujerumani kulikuwa na vyama vya kuvikusanya, kipande kwa kipande, toka kwa wavutaji wa muji muzima. Viliuzwa, na pesa ilinunulia watoto maskini nguo za Noeli. Hapo tunaona hata Mzungu mwenye sigari yake ya peke yake alipata njia ya kugawa kilichokatwa. Ilipita mlango wa nyuma, lakini ilipita.

Tusidanganyike kwamba kila sigari inaomba kisu. Waitaliani wana Toscano, nyembamba kwenye ncha zote mbili na nene katikati, gumu sawa mzizi. Wengi wanaikata nusu kwa nusu, na marafiki wawili wanakunywa sigari moja. (Hii, tunakubali, ndiyo inatupendeza kuliko zote, juu inafanana na kamba ya tumbako ya wazee.) Kule Brissago, Uswisi, wanatengeneza ile ndefu nyembamba yenye unyasi katikati, unavuta unyasi, tundu linabaki, basi. Za Uhindi na Burma ziko wazi pande zote mbili, unawasha tu. Kila moja inakatwa ao haikatwi kufuatana na ginsi ilivyofungwa.

Kwetu sigari ilikuja na Wabeleji. Inchi yao ilikuwa na miji ya mafundi wa sigari, Geraardsbergen na Arendonk, na katika siku za Kongo ya Wabeleji, toka 1908 mpaka 1960, sigari ya nyuma ya chakula ilikuwa alama ya bwana mkubwa. Wachongaji wetu walimchonga Mzungu na kofia yake, na mara nyingi wakamwekea kitu cha kunywa moshi mdomoni. Hawakukosa shabaha. Tumbako ya kwetu ilikaa kwenye mkeka na kupita mkono kwa mkono. Sigari ilikaa kwenye sanduku lenye ufunguo. Tunafikiri ni kwa sababu hii, kuliko bei yenyewe, wazee wengi waliiona ni kitu kigeni hata nyuma ya uhuru, ijapokuwa majani ya ndani walikuwa wanayajua vizuri sana.

Halafu ikarudi na sura nyingine kabisa. Tarehe 24 aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka ziwa Tanganika toka Kigoma na kushuka Kibamba, upande wa Fizi, pamoja na Wakuba wa kwanza waliokuja kusaidia waasi wa mashariki. Walijipa majina ya hesabu ya Kiswahili: Moja, Mbili, na yeye mwenyewe Tatu. Zaidi ya Wakuba mia moja walipita pale mbele ya kuondoka tarehe 21 novemba ya mwaka uleule, vita imeshindikana. Wengi wao walikuwa weusi, na kati ya mababu wa Wakuba weusi wako wale Wakongo tuliowataja. Katika maandishi yake juu ya Kongo, yaliyochapishwa miaka mingi nyuma ya kifo chake cha 1967, Che anakiri kwamba udhaifu wake ulikuwa vitu viwili, tumbako na kusoma, na kwamba tumbako ilimkosekana mara chache tu. Mutu huyo alikuwa na ugonjwa wa pumu. Katika milima ile hakuna anayebeba kikatio cha fedha. Sigari ya mutu wa vita inafunguliwa kwa meno ao kwa kisu cha kazi zote. Kwa wazee wa Fizi na Baraka, basi, sigari si lazima ilete picha ya bwana mwenye kofia nyeupe. Inaweza kuleta picha ya mutu mwenye ndevu na matope mpaka magoti.

Tuje sasa ku mkato wenyewe, maana vijana wamengoja.

Mbele ya kukata, angalia. Geuza sigari kwenye mwanga, tafuta bega, tafuta mstari wa kofia. Upande wenye kofia ndio wa mdomo. Ule ulio wazi ni wa moto. Tumeona watu wakikata mguu na kuwasha kichwa, na hapo hakuna msaada. Lowesha kichwa kidogo kwa midomo, hasa Katanga toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, wakati upepo mkavu unapasua hata ngozi ya mikono. Joho la sigari ni jani tu: sigari inataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70, na ile iliyokaa juu ya kabati wakati wa kiangazi itapasuka hata mikononi mwa fundi mwenyewe. Hiyo hakuna mkato utakaoiponya.

Kwa sigari ya kawaida, yenye kichwa cha mviringo, sisi tunachagua mkato ulionyooka, milimita 2 hivi toka juu, kwa kikatio chenye visu viwili vinavyokutana katikati. Visu viwili tunavipenda kuliko kimoja kwa sababu kisu kimoja kinasukuma sigari ukutani na kuibonyeza upande wa pili mbele ya kuikata. Usikate pole pole kama mutu anayekata nyama mbichi. Weka, pima, kata mara moja. Ukikata padogo mno, moshi unapita kwa shida, maji machungu yanakusanyika pale mdomoni, na unavuta mpaka mashavu yanaingia ndani. Lakini kosa hili lina dawa: unakata tena kidogo. Kukata pakubwa hakuna dawa. Kwa hiyo anza na kidogo.

Mkato wa kabari unachimba mfereji katikati ya kichwa na kuacha kofia imesimama pande mbili. Moshi unapita vizuri na joho halifunguki. Wengi wanausifu, na tunakubali unafaa kwa mikono isiyo na uhakika, ila chombo chake kikipoteza makali kinararua, na kukinoa ni kazi. Kitoboleo kinatoa tundu moja la mviringo. Ni chepesi, kinaingia kwenye mnyororo wa funguo, na kwa sigari nene kinatosha. Kwa sigari nyembamba tundu linakaribia kuwa kichwa kizima, na kwa ile yenye ncha hakifai hata kidogo. Ile yenye ncha inaomba kikatio ao mikasi: kata ncha kidogo, jaribu kuvuta hewa, kata tena kama inakataa. Pale ndipo mwenye kukata anaamua mwenyewe ukubwa wa mlango, na wanaopenda sigari ya ncha wanaipenda kwa sababu hiyo.

Kama hakuna chombo? Kisu cha kunyolea chenye makali ya kweli kinapita kikatio kibovu. Zungusha sigari juu ya makali, ukifuata mstari wa kofia, mpaka kofia itoke nzima sawa kifuniko. Hata ukucha wa kidole gumba unaweza kuinua kofia iliyoloweshwa. Meno ni ya mwisho kabisa; meno hayaoni yanachokata. Na kisu cha keki kibaki na keki.

Kuna neno ambalo chama cha mapokeo hakiwezi kuliruka. Tumbako inaua. Watu wanasema sigari haidhuru kwa sababu moshi wake haumezwi. Si kweli, inaleta kansa ya mdomo, ya koo na ya umio hata kwa yule asiyemeza moshi. Inchi yetu iliingia katika mapatano ya dunia ya kupigana na tumbako mwaka 2005. Fidel Castro mwenyewe, aliyejulikana duniani kote na sigari yake, aliiacha mwaka 1985. Hatuandiki haya ili kijana aanze. Tunaandika kwa sababu sigari imekwisha kufika mezani, na juu tunaona vibaya muzee akae kimya mbele ya jani ambalo babu yake alilijua, ambalo ndugu zetu waliofungwa minyororo walilipanda, na ambalo linasubiri kukatwa na mutu anayejua kutazama fundo.

Kwenye arusi, basi, sanduku likipita, apelekewe muzee kwanza pamoja na kikatio, hata kama hanywi tena. Akate yeye. Vijana wasimame karibu na kuangalia vidole vyake vikitafuta bega. Na kile kipande kidogo cha kofia kinachoanguka kwenye sahani, kisitupwe: kuna siku zote mutu mwenye kiko upande wa jikoni.